Saa Nne Asubuhi Mama Hayuko Nyumbani

Kuna methali ambayo nimeisikia katika kila semina ya malezi niliyowahi kuhudhuria: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkufunzi huisema akiwa amesimama, akituangalia sisi tuliokalia viti vya plastiki, halafu hunyamaza kidogo ili ituingie. Mimi ni mwalimu wa chekechea, darasa la PP1, hapa Timau. Nimeisikia mara nyingi mpaka siku hizi sisikilizi tena methali yote, nasikiliza herufi moja tu. Hiyo "u" ya umleavyo. Wewe. Sasa, wewe nani?

Nauliza kwa sababu hapa kwetu huyo "u" hupanda basi la shamba la maua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kama hujawahi kufika Timau, ni mji mdogo kando ya barabara ya kutoka Nanyuki kwenda Isiolo, Mlima Kenya uko mgongoni na baridi yake haina mchezo. Kuna ngano, kuna viazi, halafu kuna hizo grinihausi, nyeupe, moja baada ya nyingine, utadhani mtu ameanika shuka. Wengi wanaofanya kazi ndani yake ni wanawake, na wengi wao ni wa umri wa kuzaa. Wametoka kila mahali: Wameru wa hapa hapa, Wakikuyu, Waturkana, Waborana, Wasamburu. Wanaishi kwenye ploti za mbao, chumba kimoja kimoja, na alfajiri kabla ya basi kila mmoja anapitia mahali fulani kuacha mtoto.

Mahali hapo kwa kawaida panaitwa "kwa cucu". Wengine husema deikea, lakini usitarajie bango wala bembea. Ni chumba cha mama mmoja mzee, au si mzee sana ila mgongo umekataa kazi ya shamba, mwenye watoto saba, nane, tisa waliokaa juu ya gunia. Unalipa kwa siku. Unakuja na uji wako kwenye chupa na nepi zako kwenye karatasi ya plastiki. Mtoto akiwa na homa unabembeleza kidogo na kuongeza kitu.

Sasa wacha nisimulie nilichokiona, maana ndicho kilichonifanya niandike haya.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Dada yangu mdogo alikuwa amesahau uji wa mtoto wake na akanipigia simu akiwa kazini nimpelekee. Nilifika kwa cucu kama saa nne hivi. Nikiwa bado nasalimia, akaingia mama mmoja mwenye begi mgongoni na simu mkononi, viatu vimejaa tope mpaka kwenye kifundo. Mhudumu wa afya ya jamii. Namfahamu, tunasali kanisa moja. Siku hizo alikuwa amepewa pia kazi ya mradi fulani wa kutembelea nyumba zenye watoto wachanga, kuwafundisha wazazi kucheza na kuzungumza na watoto.

"Muga, cucu. Namtafuta mama wa huyu," akasema, akionyesha mtoto mmoja wa mwaka mmoja na miezi minane hivi.

"Mama yake yuko maua, daktari." Kwetu kila mwenye begi la dawa ni daktari.

"Atarudi saa ngapi?"

"Si unajua. Jioni. Mwezi wa pili hata usiku."

Mhudumu akabonyeza simu. Nikachungulia (ndiyo, nina tabia mbaya) nikaona amejaza kwamba mlezi hakupatikana. Akafunga simu. Watoto tisa walikuwa wanamtazama. Cucu, ambaye ndiye aliyekuwa na watoto hao tangu giza na angekaa nao mpaka giza, alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi. Hakupatikana mlezi!

Nilimfuata nje nikamuuliza kwa nini hakukaa na cucu. Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, fomu inataka mzazi. Nikijaza cucu wataniambia nimedanganya. Na hapa nimekuja mara tatu." Alikuwa ametembea kama dakika 40 kufika.

Simlaumu hata chembe. Ninawalaumu walioiandika hiyo fomu, na wale wote wanaopanga malezi ya watoto wa Timau wakiwa na picha ya mama aliyeketi barazani akisubiri kufundishwa.

Kabla hujanielewa vibaya: mimi siwapingi wanaotembelea nyumba. Kuna watu hapa kijijini, tena wasomi, wanaocheka jambo hili. Ati mtu mzima afundishwe kuongea na mtoto wake! Ati sisi tulilelewa na nani, mbona tuko sawa? Hao nao nina neno nao. Wewe ulilelewa kwenye boma lenye shangazi watatu, binamu kumi na mbili, nyanya mwenye hadithi na babu mwenye fimbo. Ulibebwa mgongoni ukisikia mazungumzo ya watu siku nzima. Leo mtoto wa ploti ana mlango mmoja, na mlango huo una kufuli. Ushahidi wa jambo hili mimi huupokea kila Januari. Wanakuja wa miaka minne, na wapo wasioweza kuniambia wanataka nini. Wananyoosha mkono na kulia. Si wajinga hata kidogo, ndani ya mihula miwili wengine wananishinda kwa maneno. Ila walipata watu wachache mno wa kuwajibu.

Na kwamba kumtembelea mtoto nyumbani kunasaidia, hilo halina ubishi tena. Jaribio linalotajwa kila mahali lilifanyika Jamaica, mjini Kingston, miaka ya 1986 na 1987. Walichukua watoto 129 wa mitaa ya maskini, waliodumaa, wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walitembelewa kila wiki, saa moja, kwa miaka miwili. Mtembeleaji alikuwa mhudumu wa afya wa kawaida, si profesa, na alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na vifuniko. Alicheza na mtoto mbele ya mama, kisha mama naye akacheza. Basi. Miaka ishirini baadaye walitafutwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: waliotembelewa walikuwa wakipata mapato ya juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa, na walikuwa wamewafikia watoto ambao hawakuwahi kudumaa. Saa moja kwa wiki na kopo la maziwa lenye mawe ndani.

Watu wa miradi hupenda sana hadithi hii ya Jamaica. Lakini wakiileta kwetu huibana kama nguo ya mtumba. Kila wiki inakuwa kila mwezi. Miaka miwili inakuwa miezi sita, kwa sababu ufadhili unaisha Desemba. Mtembeleaji mwenye hiyo kazi tu anakuwa mhudumu yule yule mwenye kazi nyingine kumi. Halafu matokeo yakiwa hafifu, wanaandika kwamba wazazi hawakuitikia vizuri.

Hebu tupige hesabu ya huyo mhudumu. Septemba 2023 Rais aliwaaga kwa shangwe Nairobi, zaidi ya 100,000 kote nchini, wakapewa mabegi yenye mizani, kipima joto, mashine ya presha na simu. Posho ilitangazwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mhudumu mmoja anakabidhiwa takriban nyumba 100. Tuseme nyumba 20 kati ya hizo zina mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ukitaka kufanya kama Jamaica, hizo ni saa 20 kwa wiki, saa 80 kwa mwezi, bila kuhesabu mwendo wa tope na bila kugusa wagonjwa wa sukari, wajawazito, wazee na chanjo. Gawa 5,000 kwa 80. Unapata shilingi 62 na nusu kwa saa, na hapo umemwondolea kazi zake nyingine zote bure. Nauli ya boda kwenda na kurudi inaweza kuimeza posho ya siku nzima. Kisha tunamwita shujaa wa jamii. Ukiona mtu anaitwa shujaa katika nchi hii, ujue halipwi.

Lakini hata akilipwa vizuri, bado atabisha mlango usio na mtu. Na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wanaosema dawa ni kuongeza pesa tu.

Tuchukue sheria, maana sheria zipo na ni nzuri kuzisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara. (Wale wa kibarua cha msimu wanaijua kama hadithi, lakini tuendelee.) Mtoto anaingia PP1 akiwa na miaka minne. Toa mitatu kutoka miezi 48. Inabaki miezi 45. Katika miezi hiyo 45, ambayo kila mkufunzi anatuambia ndiyo ubongo unajengwa, mtoto wa mfanyakazi wa Timau kisheria hana mahali. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea na inampa mama mapumziko ya kunyonyesha yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Vizuri. Lakini mtoto mwenyewe yuko kwa cucu, kilomita kadhaa kutoka kwenye hicho chumba. Mama atamnyonyesha nani huko, meza?

Na Katiba ya 2010? Fungua Jedwali la Nne, sehemu ya majukumu ya kaunti. Utakuta elimu ya chekechea, na katika mstari huo huo, vituo vya kulelea watoto. Viko pamoja kama mapacha. Ila pacha mmoja amenenepa. Madarasa ya chekechea tumeyaona nchi nzima, yamepakwa rangi na kuandikwa majina ya waliozindua. Mimi mwenyewe nafundisha ndani ya moja na nashukuru. Lakini vituo vya kulelea watoto wa umri wa miezi mitatu hadi miaka mitatu, vya umma, umeviona wapi huku mashambani? Mtoto wa miaka miwili hana sare ya kupigia picha, labda ndiyo sababu.

Pengo hilo la miezi 45 limejazwa na cucu. Hakuna serikali iliyomtuma wala mradi uliomwajiri. Bila yeye, grinihausi zile zingekosa watu kesho asubuhi, na hilo silitii chumvi. Hata hivyo kwenye fomu hayupo, na akitajwa kwenye mikutano anatajwa kama hatari: ati deikea haramu, ati uchafu, ati wafungiwe. Mafungio hayo yakitokea, basi la alfajiri litapakia nani?

Sitaki kumpaka cucu asali. Nimekaa kwake nikaona. Watoto tisa ni wengi kwa mtu mmoja, na njia yake ya kuwamudu ni kuwanyamazisha. Mtoto mtulivu kwake ndiye mtoto mzuri, na siwezi kumlaumu, hata mimi darasani nina siku kama hizo. Wanakaa. Wanapewa uji. Wanalala. Anayelia anabebwa, asiyelia anasahauliwa, na asiyelia ndiye ninayempata mimi Januari. Kuna na jambo la lugha. Cucu anaongea Kimeru. Kati ya wale tisa, wawili mama zao ni Waturkana. Siku nzima mtoto anasikia lugha moja, jioni kwa saa moja na nusu anasikia nyingine, na mimi namngoja na Kiswahili changu. Hilo pekee lisingekuwa tatizo, watoto wa nchi hii wanameza lugha tatu bila kutafuna. Tatizo ni pale ambapo katika lugha hizo zote hakuna anayewauliza kitu na kungoja jibu.

Lakini angalia: yote hayo yanafundishika. Kungoja jibu kunafundishika. Gunzi la mahindi lifanywe mtoto wa bandia, vifuniko vipangwe kwa ukubwa, wimbo uimbwe ukiacha neno la mwisho ili mtoto alijaze, hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya begi la yule mhudumu siku ile. Alikuwa nayo. Alisimama mita mbili kutoka kwa mtu mwenye watoto tisa, akayarudisha kwenye begi kwa sababu hakuna aliyekuwa "mzazi".

Watetezi wa utaratibu uliopo wana jibu, nimelisikia: mtembelee mama jioni, au Jumapili. Ni jibu la mtu ambaye hajawahi kusimama saa tisa akikata waridi kwenye joto la plastiki. Jioni mama anafika, anamchukua mtoto aliyesinzia, anatafuta maji, anawasha jiko. Jumapili ni kanisa na nguo za wiki nzima. Hata ungekuwa wewe, ungemkaribisha nani mwenye fomu? Baba naye yuko, pale alipo, na ningependa kuona mradi mmoja unaomtafuta kwa bidii wanayomtafutia mama, lakini hiyo ni makala nyingine.

Sasa kuna jaribio la hapa hapa Kenya ambalo lilinishangaza, na nalitaja ingawa linaonekana kunipinga. Lilifanyika magharibi mwa nchi, vijiji 60, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Linaitwa Msingi Bora. Vijiji vingine vilipata vikao 16 vya kikundi, kila baada ya wiki mbili, vikiongozwa na wahudumu wa kijijini. Vingine vilipata vikao 12 vya kikundi na vinne vya kutembelewa nyumbani. Ungedhani waliotembelewa wangeshinda. Wapi. Watoto wa vikundi vitupu walifanya vizuri, na kuongeza kutembelea nyumba hakukuleta faida zaidi.

Basi mwanzoni nilisema, kumbe nyumba si lazima. Halafu nikafikiri kidogo: hiyo ndiyo hoja yenyewe. Kuta za nyumba hazina dawa. Kule Kingston mtembeleaji alienda nyumbani kwa sababu ndiko mama na mtoto walikuwa. Huko magharibi waliwakuta kwenye kikundi, wakawafundisha kwenye kikundi, kina mama wakacheka pamoja na kuigana. Sisi Timau tumeng'ang'ania mlango wa nyumba, na nyuma yake hamna mtu.

Mama wa Timau yuko wapi? Yuko kwenye banda la kufungashia maua. Vikao 16 vya kama saa moja ni saa 16 za kazi, ndani ya miezi minane hivi. Shamba linaweza kuzitoa, tena zikiwa na malipo. Najua wataniambia uzalishaji. Jamani, haya ni mashamba ambayo ua moja likikatwa linaingia kwenye ndoo ya maji, ndoo inaingia kwenye chumba cha baridi, baridi inapimwa, gari lina baridi, ndege ina baridi, mpaka mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi, na likifika limeinamisha kichwa mtu ataulizwa nani alilishika saa ngapi. Kwa hiyo tusiambiane kwamba kufuatilia kitu laini kwa saa 24 ni jambo lisilowezekana Timau. Yapo mashamba nchini yaliyojenga vituo vya watoto wa wafanyakazi, na nayapongeza. Ila kituo kikiwa cha wafanyakazi wa kudumu peke yao, yule wa kibarua bado atapitia kwa cucu.

Kwa hiyo mimi nataka cucu aandikwe. Namaanisha aandikwe kwenye daftari la kaunti kwa jina lake, chumba chake kikaguliwe na mtu aliyekuja kusaidia wala si kufungia, awekewe ukomo wa watoto na alipiwe msaidizi ili ukomo huo usimwue njaa. Nataka mhudumu aje kwake kila wiki, saa nne asubuhi, watoto wakiwa macho, na ile saa moja ihesabiwe kwamba imefanyika. Watoto tisa kwa mwendo mmoja wa dakika 40, hata mhasibu atafurahi. Na mhudumu alipwe kama mtu aliye kazini. Pesa itoke wapi? Itoke kwenye mstari ule ule wa Katiba uliojenga darasa langu, na mashamba yachangie, maana cucu amekuwa akiwafanyia kazi miaka yote hii bila wao kujua jina lake.

Baada ya siku ile nilirudi kwa cucu nikamuuliza kama yule mhudumu aliwahi kumwonyesha vile vitu vya kwenye begi. Akasema hapana, lakini aliwahi kuviona mdomo wa begi ulipofunguka. "Kuna kifuniko chekundu na cha bluu. Mimi ninavyo vingi vya aina hiyo, vya mafuta ya kupikia. Nilikuwa natupa." Kisha akaniuliza vinafanywaje. Nikakaa kwenye gunia nikamwonyesha nilichokumbuka, na mtoto wa dada yangu akanipora kile chekundu akakiweka mdomoni.

Semina nyingine ni mwezi ujao, kwenye ukumbi ule ule, viti vile vile. Nimeshaomba ruhusa ya kwenda na cucu. Nimejibiwa kwamba mwaliko ni wa walimu na wazazi, na kwamba wataangalia kama kutabaki chakula cha mchana.